Hita nne kwa chumba kimoja cha vioo

Mama alitua Heathrow katikati ya Oktoba 2022 akiwa na sweta mbili, doti tano za khanga na chetezo chake cha udongo alichokizungushia taulo kisivunjike. Siku ya tatu, baada ya kuizunguka nyumba yetu ya Leicester chini hadi juu, alichagua mahali pake pa kukaa: konsavatori, kile chumba cha vioo kilichoegeshwa mgongoni mwa nyumba. Vyumba vingine, alisema, vinambana. Pale aliiona mbingu, aliwaona ndege, alimwona jirani akianika nguo. "Hapa ndipo barazani kwenu," akasema, akatandika mkeka wake na kuweka tasbihi juu ya kimeza.

Sikuwa na moyo wa kumwambia kwamba hicho ndicho chumba pekee cha nyumba yetu kisicho na joto.

Kila mwaka ikifika Novemba napigiwa simu na watu wa nyumbani waliohamia nyumba zenye vyumba vya namna hii. Swali huwa lilelile: "Dada, ulinunua hita gani?" Nimechoka kujibu kwa sentensi moja, kwa sababu jibu la sentensi moja ndilo lililonigharimu mimi. Nilinunua hita nne kwa chumba kimoja. Tatu zilikuwa makosa, na moja kati ya hizo tatu ingeweza kuniulia mama.

Kosa la kwanza lilitangulia hita zote. Nyumba tuliitazama Mei 2022, saa sita mchana, jua likiwaka. Konsavatori ilikuwa na joto zuri la Tanga mwezi wa Julai, na mimi na mume wangu tukatazamana kama watu waliookota pesa njiani. Dalali aliihesabu kama chumba cha ziada, nasi tukaihesabu hivyohivyo. Julai hiyo ndiyo England ilivunja rekodi yake: tarehe 19 kijiji cha Coningsby kilipimwa nyuzi 40.3. Siku ile ndani ya konsavatori mshumaa wetu mnene ulilala kama ndizi iliyoiva mno. Hata hapo sikuelewa. Nilichojiambia ni kwamba chumba hiki tatizo lake ni joto tu. Haikunijia kwamba ukuta unaoruhusu joto liingie kirahisi hivyo unaliruhusu pia litoke.

Ukienda kutazama nyumba yenye konsavatori, omba kurudi asubuhi au jioni, na kama ni miezi ya baridi, ni bora zaidi. Weka kiganja chako kwenye kioo. Gusa sakafu. Tazama pembe za chini kama zina madoa meusi. Uliza paa ni la nini. Letu lilikuwa la polikaboneti, zile karatasi za plastiki zenye mianya ndani, za unene wa milimita 16. Vioo vilikuwa vya tabaka mbili, lakini vya miaka ya tisini, na mpira wa pembeni umekauka kama ganda la muhogo.

Wiki ya mwisho ya Oktoba saa zilirudishwa nyuma na jioni ikawa inaingia mapema. Leicester mwezi wa Desemba jua huzama kabla ya saa kumi alasiri. Mama alikuwa akikaa pale tangu saa mbili asubuhi, anapumzika adhuhuri, anarudi hadi baada ya Maghrib. Nilikwenda dukani nikanunua hita ya feni, ya wati 2,000, kwa pauni 35. Ilipuliza, ikanguruma, mama akafurahi. Nami nikaona nimemaliza.

Hesabu ambayo sikuifanya ni hii. Tangu tarehe 1 Oktoba 2022 serikali ilikuwa imezuia bei ya umeme isipande kupita takribani peni 34 kwa uniti. Hita ya wati 2,000 inakula uniti 2 kwa saa. Saa nane kwa siku ni uniti 16, yaani pauni 5 na peni 44. Kwa mwezi ni zaidi ya pauni 160, kwa chumba kimoja, mbali na gesi ya nyumba nzima. Mtu aliyezoea LUKU, umeme wa kulipia kabla, angeligundua jambo hili siku ya pili, maana angeziona uniti zikiteremka mbele ya macho yake. Sisi tulikuwa tunalipa kwa bili ya kila mwezi, na bili huja wakati maji yamekwisha kumwagika.

Bili ya Desemba ilitufikia kwa pauni 412, hata baada ya serikali kutupunguzia pauni 67 za msaada wa baridi ile.

Lakini kabla ya bili, kulikuja harufu. Konsavatori ilikuwa na soketi moja tu, nyuma ya mlango, basi nilitumia ekstensheni ya kuviringisha, ile ya gurudumu. Nilifungua mita mbili nilizozihitaji, nyingine nikaziacha zimejiviringa. Asubuhi moja nimerudi kutoka zamu ya usiku, nimefungua mlango wa jikoni, nikakutana na harufu ya plastiki inayoungua. Mama alikuwa amesinzia kwenye kiti, hita inawaka miguuni pake. Gurudumu la ekstensheni lilikuwa limelainika upande mmoja, na plagi ilikuwa ya kahawia. Nilizima umeme wa nyumba nzima kwenye boksi kuu, kisha nikakaa sakafuni. Miguu ilinikataa.

Baadaye nilisoma maandishi madogo yaliyobandikwa pembeni mwa gurudumu lile: ikiwa imefunguliwa yote, inabeba ampea 13, ikiwa imeviringishwa, ampea 5. Waya uliojiviringa unajipasha wenyewe, joto halina pa kwenda. Ampea 5 ni kama wati 1,150. Mimi nilikuwa nimeipitishia 2,000, kwa saa nane kila siku, kwa wiki tatu. Tafadhali, mwenye hita ya aina yoyote, ichomeke moja kwa moja ukutani. Kama soketi iko mbali, muite fundi umeme aongeze soketi. Mimi iligharimu pauni 140, na nilijilaumu kwa kila peni niliyojaribu kuiokoa kabla ya hapo.

Hofu ile ndiyo iliyonisukuma kwenye kosa la tatu. Niliapa kwamba umeme sitaki tena mle ndani. Mwenzangu kazini alikuwa akiuza hita ya gesi, ile kama kabati, mtungi wa kilo 15 unaingia nyuma. Pauni 60 pamoja na mtungi. Kwa mtu aliyekua akipikia gesi na mkaa, moto wenye mwali unaoonekana una faraja yake, na hata mama aliusogelea na viganja vyake kama anaota jiko.

Siku ya pili vioo vilikuwa vinatoka jasho. Siku ya nne maji yalikuwa yanatiririka kutoka kwenye paa na kudondokea mkeka. Nilidhani paa linavuja. Halikuwa linavuja. Gesi ya butani ikiungua hutoa mvuke: kila kilo moja ya gesi inazaa karibu lita moja na nusu ya maji, na yote hubaki chumbani, kwa sababu hita ya kabati haina bomba la kutoa moshi nje. Ukimaliza mtungi wa kilo 15 umemwaga ndani ya chumba zaidi ya ndoo moja ya lita 20. Ndani ya wiki tatu khanga ya mama aliyokuwa akijifunikia magoti ilikuwa na vidoa vya ukungu, na ukungu wa khanga hautoki hata kwa juisi ya ndimu.

Kisha akaanza kulalamika kichwa. Akiwa sebuleni hakimuumi, akikaa konsavatori saa moja kinamuuma. Mimi nafanya kazi na wazee, nimefundishwa dalili hizo, na bado ilinichukua siku mbili kuunganisha. Kaboni monoksaidi, hewa ya sumu inayotoka kwenye moto usioungua vizuri, haina harufu wala rangi. Hatukuwa na king'ora chake mle ndani. Sijui kama ndiyo iliyokuwa ikimuumiza, na sikusubiri kujua. Hita niliitoa nje usiku uleule, mtungi nikaurudisha, na kesho yake nikanunua ving'ora viwili vya pauni 20 kila kimoja. Chumba kilichozibwa vizuri kwa ajili ya baridi si mahali pa moto usio na bomba la kutolea hewa chafu. Hapo sina nafasi ya kubishana na mtu.

Tulirudi kwenye umeme, mara hii hita ya mafuta, ile yenye mbavu kama rejeta ya lori. Pauni 70. Ni tulivu, haipulizi, haiunguzi vumbi, na nilijua sasa kuichomeka ukutani. Muuzaji aliniambia inakula umeme kidogo kuliko ya feni. Si kweli, na nitaeleza kwa nini. Ilikuja pia wiki ile ya baridi kali ya katikati ya Desemba 2022, usiku nje ukashuka chini ya sifuri hadi hasi 4 na hasi 5. Hita iliwaka bila kupumzika, na kipimajoto changu cha pauni 8 kilisimama kwenye nyuzi 14, hakikupanda tena.

Januari ndiyo niliyogundua jambo ambalo bado likinijia usiku linaniamsha. Nilirudi nyumbani mapema kuliko kawaida, nikamkuta mama amekaa mahali pake, amevaa koti langu la kazini, duvee mabegani, khanga kichwani, na hita imezimwa. Pumzi yake ilikuwa inaonekana. Nikauliza, "Mama, hita imeharibika?" Akasema haijaharibika, yeye hasikii baridi. Nikambana kidogo, akasema, "Mwanangu, nimewasikia na mwenzio mkisemezana usiku kuhusu bili. Sikuja kuwatia deni." Kumbe tangu mwaka mpya alikuwa akisubiri niondoke, anazima, na kabla sijarudi anawasha ili nikute pana joto. Mama wa miaka 71.

Hapo ndipo nilipoacha kutafuta hita ya bei rahisi dukani na kuanza kuuliza hita gani mama ataiacha iwake.

Jambo la kwanza lililonijia lilikuwa kuunganisha radieta, ile paneli ya ukutani inayopitishiwa maji ya moto, kutoka kwenye boila ya gesi ya nyumba. Gesi ya bomba wakati ule ilikuwa peni 10 kwa uniti, chini ya theluthi ya umeme. Fundi bomba alikuja, akapima, akasema pauni 450 na kazi ni ya siku moja. Nilikuwa tayari kumlipa amana. Kilichonizuia ni simu moja tu niliyopiga ofisi ya ukaguzi wa majengo ya halmashauri. Katika England konsavatori nyingi zimesamehewa kanuni za ujenzi kwa masharti: iwe usawa wa ardhi, isizidi mita za mraba 30, itenganishwe na nyumba kwa ukuta na mlango wa kiwango cha nje, na mfumo wa joto wa nyumba usiingizwe ndani yake. Ukipitisha bomba la radieta, msamaha umeondoka, na utatakiwa kuonyesha kwamba chumba kinahifadhi joto kwa viwango ambavyo paa la plastiki halitavifikia. Ungeligundua siku unayouza nyumba, mwanasheria wa mnunuzi anapouliza cheti. Kwa masharti hayohayo, usikubali kuuvunja ule mlango kati ya nyumba na konsavatori ili "kupanua sebule". Marafiki zetu wawili walifanya hivyo, na sasa wanapasha joto bustani.

Ofisi ile walinijibu kwa upole na bila malipo. Piga simu kabla ya kulipa amana yoyote.

Aliyenifungua macho zaidi ni mzee wa nyumba ya tatu. Ni Mhindi mzaliwa wa Jinja, aliyefika Leicester kijana mwaka 1972 Idi Amin alipowapa Waasia siku 90 waondoke Uganda. Alifanya kazi ya umeme hadi akastaafu. Alimsikia mama akizungumza nami Kiswahili juu ya ua, akasimama, akaamkia. Kuanzia siku ile mama alipata mtu wa kuongea naye, nami nikapata mwalimu. Alikuja jioni moja na daftari. Nilimwuliza, "Mzee, ninunue hita ipi?" Hakunijibu. Aliuliza nani anakaa hapa, saa ngapi kwa siku, siku ngapi kwa wiki, na amekaa tu au anatembea. Sikuwahi kuulizwa maswali hayo dukani.

Kisha akauona ubani wa mama. Aliomba chetezo kiwashwe, hita izimwe, mlango ufungwe. Akakizungusha polepole pembezoni mwa vioo, kwenye kizingiti, kwenye kiungo cha paa na ukuta wa nyumba. Mahali pengi moshi ulipanda wima. Mahali saba ulilala ghafla, kama umepulizwa na mtu. Kila ulipolala akabandika kipande cha karatasi. Mama alicheka sana. Alisema kwao ubani unafukuza pepo, hapa unamtafuta.

Tulinunua mpira wa milango na wa madirisha, silikoni, na brashi ya chini ya mlango. Jumla pauni 38. Nikaongeza zulia nene lenye mkeka wa povu chini yake, maana sakafu ilikuwa zege tupu, na pazia zito mbele ya mlango wa bustani. Pauni 95. Hiyo ndiyo pesa iliyofanya kazi kubwa kuliko zote nilizotoa mwaka ule, na ilipaswa kuwa ya kwanza. Jioni ya nyuzi 5 nje, hita ileile ya mafuta ilikileta chumba kwenye nyuzi 20 na ikaanza kujizima na kujiwasha. Kabla ya hapo ilikuwa haijizimi.

Hesabu aliyonichorea mzee kwenye daftari naihifadhi hadi leo, na naileta hapa kwa sababu kila mtu anaweza kuifanya kwa mkanda wa kupimia. Kila sehemu ya chumba ina namba yake ya kuvujisha joto: wati ngapi zinapita katika mita moja ya mraba kwa kila nyuzi moja ya tofauti kati ya ndani na nje. Vioo vya zamani vya tabaka mbili ni karibu 2.8. Paa kama letu ni karibu 2.4. Ukuta mpya uliojazwa kizuia joto ni 0.2 hivi. Chumba chetu ni mita 3 kwa 4. Vioo vyote mita za mraba 15, paa 14. Vioo vinapoteza wati 42 kwa kila nyuzi, paa 34, tofali za chini, sakafu na hewa ya nyufani zinafikisha jumla kama 110. Sasa zidisha. Nje nyuzi 2, ndani unataka 20, tofauti ni 18: karibu wati 2,000. Ndiyo maana hita yangu ya wati 2,000 ilikuwa inashindana na chumba na kutoka sare. Nje hasi 4, hita ileile haiwezi kuvuka 14. Kipimajoto changu kilikuwa kinasema kweli muda wote.

Na jambo la pili alilolisisitiza: feni, mafuta, paneli ya ukutani, mionzi, nyaya za chini ya sakafu, zote ukizipa uniti moja ya umeme zinakupa uniti moja ya joto. Hakuna inayozidi, hata ikiwa na rangi ya dhahabu na bei ya pauni 600. Tofauti ni namna zinavyolifikisha joto. Kifaa kimoja tu kinakiuka hapo, nacho mimi nilikijua tangu utoto bila kukitambua: kiyoyozi.

Kiyoyozi cha Dar kinachukua joto la chumbani na kulitupa nje. Simama nyuma ya boksi lake la nje utalisikia. Kile cha kugeuzwa kinafanya kinyume: kinalikusanya joto la nje, hata kama nje ni nyuzi 3, na kulisukuma ndani. Hakitengenezi joto, kinalihamisha, kwa hiyo kwa uniti moja ya umeme unapata tatu hivi za joto, siku za baridi kali pungufu, siku za vuli zaidi. Hapa wanakiita pampu ya joto.

Mama aliondoka Machi 2023, miezi sita ya viza yake ikikaribia kwisha. Nilitumia miezi ile kukusanya bei nikiwa sina haraka, na kukosa haraka pekee kuliniokolea mamia. Paa jipya gumu lenye kizuia joto: pauni 9,500, na lingehitaji kibali cha ukaguzi wa majengo. Mwenye uwezo na mwenye nia ya kukaa miaka kumi na tano, naamini hilo ndilo la kwanza kufikiria, maana linaponya baridi na joto la kiangazi kwa pamoja. Sisi hatukuwa nazo. Nyaya za chini ya sakafu zilikuwa pauni 1,300, juu ya zege lisilo na kizuia joto. Nusu ya joto ningewapa minyoo. Jiko la kuni nililifuta mara moja, kwa paa la plastiki na masharti ya moshi ya mijini.

Paneli ya mionzi ilinishawishi kweli. Pauni 280, wati 700, inapasha mwili na nguo badala ya hewa, kama jua la asubuhi linavyokugusa ingawa upepo ni wa baridi. Nilikaa chini ya moja kwa jirani wa kazini, na ndani ya dakika tatu nilisikia raha usoni. Ukisogea hatua mbili, raha imekwisha. Kama chumba chako unakitumia saa moja Jumapili kunywa chai, nunua hiyo na uachane na mengine yote. Mimi nilikuwa na watoto wawili wanaofanyia hapo kazi za shule na mama atakayerudi kukaa siku nzima.

Tulifunga pampu ya joto Novemba 2023. Makadirio matatu yalitofautiana kuanzia pauni 1,950 hadi 3,100 kwa kifaa cha nguvu ileile. Mmoja aliweka VAT ya asilimia 20, wengine wawili sifuri, kwa kuwa tangu Aprili 2022 pampu za joto majumbani hazitozwi VAT hadi mwisho wa Machi 2027. Nilipouliza, yule wa kwanza akaiondoa. Dai kuona cheti cha fundi cha kushughulikia gesi ya kupoza, kwa sheria hawezi kuigusa bila hicho, na dai cheti cha laini mpya ya umeme. Niliomba pia jibu la maandishi kutoka halmashauri kuhusu boksi la nje, kwa sababu wakati ule kulikuwa na masharti ya sauti na ya vifaa vinavyopoza pia, kama chetu.

Makosa sikuyamaliza. Fundi alinishauri kifaa cha ndani kiwe cha sakafuni, kikae chini ya dirisha. Kilikuwa ghali zaidi kwa pauni 250, nikakataa. Kikafungwa juu ya mlango, kwenye ukuta pekee mgumu. Joto hupanda, na kifaa kikiwa juu tayari limeanzia darini: miezi ya kwanza paa lilikuwa na nyuzi 24 na miguu yetu 16. Ilibidi tugeuze vibao vyake vya kuelekeza upepo vipulize chini kabisa na kuongeza kifeni kidogo. Kosa lingine ni maji. Siku za unyevu karibu na sifuri boksi la nje linafanya barafu, kisha linajiyeyusha kwa dakika chache, ndani panapulizwa baridi, nje maji yanadondoka. Kwetu yalidondokea njia ya bustani na kuganda. Mume wangu aliteleza akakaa na mkono kwenye kombeo wiki mbili. Sasa kuna bomba na kokoto chini yake. Uliza maji yataelekea wapi kabla tundu halijatobolewa.

Nilichomeka kimita kwenye laini yake, nikaandika kila siku kwa msimu mzima. Siku ya kawaida, nje nyuzi 5, chumba kwenye 19 kwa saa tano, ilikula uniti 4. Kwa bei ya Desemba 2023 ya peni 27 na kidogo, ni pauni 1 na peni 10. Kujilipa kwake kutachukua miaka. Sikumdanganya mtu, wala sitakudanganya wewe.

Nilikuwa nimesoma mahali kwamba vyumba hivi vilianzia kwenye nyumba za matajiri waliotaka kutunza michungwa yao isife kwa baridi. Nilimsimulia mama kwenye simu. Alinyamaza kidogo, kisha akasema Muheza machungwa yanaoza chini ya miti kwa kukosa wanunuzi, na huku watu wameyajengea nyumba.

Alirudi Novemba 2024. Jioni ya kwanza alikaa palepale, akakiangalia kile kiyoyozi juu ya mlango kwa mashaka, akaniambia nyumba ya baridi hii na mnaweka eisii. Nikamwekea mkono wake mbele ya upepo. Akacheka. Siku ya pili hakucheka. Aliuliza kinakula uniti ngapi. Nilikuwa nimemwandalia daftari. Nikampa na kalamu, nikamwonyesha kimita, nikamwambia uniti sasa ni peni 24 na nusu, kila usiku aandike mwenyewe.

Aliandika siku tisa, kwa mwandiko wake wa madrasa, tarakimu kubwa kubwa. Siku ya kumi nilimkuta ameishika rimoti, ameinua miwani, anaitafuta alama ya kupandisha. Kilikuwa kwenye 19. Akakiweka 22.